Kompyuta za zamani Tabora: Ubadili vipuri au ununue nyingine? Hesabu ya kufanya kabla hujatoa hela

Kwa ufupi
- Bei ya kipuri dukani siyo gharama yake. Ongeza usafiri, ufundi, umeme, matengenezo na miaka ya matumizi.
- Kwa maabara ya kompyuta 20, kubadili vipuri kunaweza kugharimu chini ya theluthi moja ya kununua nyingine.
- Lakini mashine zilizofufuliwa zikizima ndani ya miaka miwili, unafuu wote unapotea.

Tabora. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka kama kawaida, ila kuanzia hapo tundu jipya la usalama likigundulika halizibwi bure kama zamani.

Kwa ofisi, steshenari na shule nyingi, tarehe hiyo iliibua swali ambalo lilikuwa likisogezwa mbele kila mwaka: hizi mashine za zamani tuzifanyeje?

Wanaouza kompyuta wana jibu lao: nunua nyingine. Mafundi nao wana lao: weka SSD, ongeza RAM, mambo yaishe. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi na wote wanaweza kukosea, kwa sababu kila mmoja anakutajia namba moja tu, ile inayomhusu yeye.

Makala haya yanaonyesha jinsi ya kupiga hesabu nzima, kwa mfano wa maabara ya shule yenye kompyuta 20 mjini Tabora. Bei za vifaa zilizotumika ni za mfano wa kujifunzia. Anayefanya hesabu yake aziondoe na kuweka zile alizopewa na wauzaji wake.

Kwanza, nini hasa kimeharibika?

Kompyuta nyingi za mezani zilizoingia mashuleni na maofisini miaka kumi iliyopita zina prosesa za Intel za kizazi cha nne au karibu na hapo. Kizazi hicho kilitoka mwaka 2013. Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, RAM ya angalau GB 4, nafasi ya GB 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Maana yake ni kwamba hata ukiijaza RAM mashine ya kizazi cha nne, haitatimiza masharti ya Windows 11. RAM na SSD zinaongeza kasi, hazibadilishi umri wa prosesa.

Lakini "haifai kwa Windows 11" siyo sawa na "haifai kabisa". Mashine hiyo bado inaweza kuandika barua, kufungua jedwali la hesabu, kuingia kwenye mifumo ya mtandaoni na kumfundisha mwanafunzi namna ya kupanga mafaili. Kinachoichelewesha mara nyingi ni hadi diski ya kuzunguka, ambayo husoma takriban MB 100 hadi 150 kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida ya SATA inafika karibu MB 500. Na hata kwenye mafaili madogo madogo, ambayo ndiyo kazi kubwa ya kompyuta inapowaka, tofauti huwa kubwa kuliko hiyo.

Kwa shule hilo siyo jambo dogo. Kipindi kimoja cha sekondari ni dakika 40. Kompyuta ikichukua dakika sita kuwaka na kutulia, asilimia 15 ya kipindi imeshakwenda kabla mwanafunzi hajagusa kibodi. Na darasa la wanafunzi 40 likiwa na mashine nane tu zinazofanya kazi, ni watano kwa kila mashine. Mmoja anabonyeza, wanne wanatazama. Zikifanya kazi zote 20, ni wawili wawili.

Ndiyo maana hesabu hii haihusu teknolojia tu. Inaamua nani atafika kwenye mtihani akiwa ameigusa kompyuta na nani atakuwa ameiona kwa mbali.

Bei ya Kariakoo siyo bei ya Tabora

Tabora inaijua hesabu hii tangu enzi za misafara. Kitambaa na shanga zilizonunuliwa Zanzibar au Bagamoyo zilifika Unyanyembe zikiwa na bei nyingine kabisa, kwa sababu njiani kulikuwa na ujira wa wapagazi, hongo kwa watawala wa maeneo waliyopita, chakula, na mizigo iliyopotea au kulowa. Mfanyabiashara aliyepiga hesabu ya bei ya pwani peke yake alirudi na hasara.

Leo wapagazi hawapo, ila umbali upo palepale. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Kipuri kinachoonekana cha bei poa kwenye tangazo la Instagram la duka la Kariakoo kina gharama nyingine nyuma yake:

- Nauli ya mzigo wa basi, na usafiri wa kutoka stendi hadi ofisini.
- Hatari ya kuletewa kipuri kisichoingia. Kukirudisha ni nauli nyingine na wiki nyingine.
- Warranti. Duka likiwa Dar, "warranti ya miezi sita" ina maana ya kuusafirisha mzigo kwenda na kurudi.
- VAT. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Uliza kama bei uliyotajiwa imeshaijumlisha, na kama utapewa risiti ya EFD. Kwa taasisi, bei bila risiti siyo bei.

Ukipewa profoma kwa dola, omba ya shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza au kutoza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Bei ya vipuri bado inafuata dola kwa nyuma kwa sababu vinaagizwa nje, kwa hiyo profoma ya miezi mitatu iliyopita isitumike kwenye bajeti ya leo.

RAM inahitaji uangalifu zaidi. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei yake imepanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vikubwa vinaelekeza uzalishaji kwenye seva za akili unde. Anayekadiria kwa kumbukumbu ya mwaka juzi atapigwa.

Hatua ya kwanza: Fungua kava, hesabu kilichopo

Kosa linalogharimu wengi ni kuagiza vipuri 20 vya aina moja kwa kudhani mashine zote 20 zinafanana. Kwa nje zinafanana. Kwa ndani, zile za msaada zimeletwa kwa awamu, na fundi wa mwaka juzi alishahamisha RAM ya hii kuipeleka ile.

Kwa kila mashine, andika kwenye daftari:

- Kizazi cha prosesa.
- Aina ya RAM. Mashine za kizazi cha nne hutumia DDR3, za kizazi cha nane hutumia DDR4. Haziingiliani. RAM ya laptopu nayo ni fupi, haikai kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani, ingawa zile ndogo za kisasa huitumia.
- Nafasi ngapi za RAM zipo wazi.
- Aina ya diski na afya yake.
- Pawa saplai na feni kama ni nzima.
- Maza bodi: inawaka, au imekufa?

Kazi hii fundi mmoja anaweza kuimaliza kwa siku moja au mbili. Kwenye mfano huu, tuseme mashine zote 20 zinafufulika na nne zinahitaji pawa saplai mpya.

Hatua ya pili: Gharama ya kubadili vipuri

Hii hapa hesabu ya njia ya kwanza, kwa bei za mfano:

- SSD za GB 256, 20 kwa Sh70,000: Sh1,400,000
- RAM za GB 4, 20 kwa Sh30,000: Sh600,000
- Betri ndogo za maza bodi, 20 kwa Sh2,000: Sh40,000
- Pawa saplai nne kwa Sh45,000: Sh180,000
- Ufundi, mashine 20 kwa Sh15,000: Sh300,000
- Usafiri: Sh60,000

Jumla ni Sh2,580,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, yaani Sh258,000, kwa ajili ya kipuri kitakachofika kibovu au kisichoingia. Inakuwa Sh2,838,000, sawa na Sh141,900 kwa mashine.

Angalia betri ndogo na ufundi. Vitu hivyo havionekani kwenye orodha za wengi, ila hapa ni Sh340,000. Hela inayosahaulika kwenye makadirio hukopwa baadaye kwenye fungu lingine.

Hatua ya tatu: Gharama ya kununua nyingine

Njia ya pili ni kununua kompyuta ndogo za mezani zilizotumika, za kizazi cha nane, zinazokubali Windows 11. Monita, kibodi na mausi za zamani zinaendelea kutumika.

- Kompyuta 20 kwa Sh480,000: Sh9,600,000
- Usafiri: Sh200,000
- Kufunga na kuweka programu, 20 kwa Sh10,000: Sh200,000

Jumla Sh10,000,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, inafika Sh11,000,000. Ukiuza zile za zamani kwa Sh60,000 kila moja, unarudisha Sh1,200,000. Gharama halisi ya kuanzia ni Sh9,800,000.

Kabla ya kukubali bei hiyo, kagua soketi za monita. Monita nyingi za zamani zina VGA tu, na kompyuta ndogo za kisasa nyingi zina DisplayPort au HDMI. Adapta 20 zisizokuwa kwenye bajeti zinaweza kusimamisha kazi nzima.

Mpaka hapa njia ya vipuri inaonekana nafuu kwa karibu Sh7 milioni. Wengi huishia hapa na kusaini. Hesabu bado haijaisha.

Hatua ya nne: Weka umeme

Kompyuta ya mezani ya kawaida pamoja na monita tuichukulie inakula wati 100. Kompyuta ndogo pamoja na monita ileile tuichukulie wati 40. Anayeweza kupima kwa kifaa cha kwenye soketi apime, ni bora kuliko kukisia.

Mwaka wa masomo una siku 194. Maabara ikitumika saa sita kwa siku, ni saa 1,164 kwa mwaka.

- Za zamani: mashine 20 kwa wati 100 ni kilowati 2. Kwa mwaka ni uniti 2,328.
- Ndogo: mashine 20 kwa wati 40 ni kilowati 0.8. Kwa mwaka ni uniti 931.

Kwa mteja wa TANESCO wa daraja la T1, bei iliyowekwa na EWURA mwaka 2016 ni Sh292 kwa uniti. Ukiweka VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inafika Sh356 na senti kidogo. Ndiyo maana Luku ya Sh10,000 hutoa uniti 28 na kitu, kabla ya makato mengine.

Kwa mwaka, za zamani zinakula umeme wa Sh828,768. Ndogo zinakula Sh331,507. Tofauti ni karibu Sh497,000.

Ongeza matengenezo. Mashine za zamani zitadai zaidi, tuseme Sh300,000 kwa mwaka dhidi ya Sh150,000. Kwa hiyo gharama ya kuendesha kila mwaka ni:

- Za zamani: Sh1,128,768
- Ndogo: Sh481,507

Muuzaji anayesema "hizi zinakula umeme kidogo" hasemi uongo. Ila tofauti ya gharama ya kuanzia ni Sh6,962,000, na unachookoa kwa mwaka, umeme na matengenezo pamoja, ni Sh647,261. Gawanya. Inachukua karibu miaka 11 kuirudisha hela hiyo. Kwa shule inayotumia maabara saa sita kwa siku, umeme peke yake siyo sababu ya kununua mashine nyingine.

Steshenari ina hesabu tofauti

Sasa chukua steshenari ya mjini inayofungua saa 12 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hiyo ni saa 3,600. Kila mashine ndogo inaokoa wati 60, sawa na uniti 216 kwa mwaka, yaani Sh76,896. Ukiongeza unafuu wa matengenezo wa Sh7,500, inakuwa Sh84,396 kwa mashine.

Tofauti ya kuanzia kwa mashine moja ni Sh348,100. Inarudi kwa miaka minne na kidogo. Hapo mazungumzo yanabadilika, kwa sababu kompyuta ile ile inafanya kazi saa mara tatu zaidi.

Kwa shule ya kijijini inayotumia sola, hesabu inageuka kabisa. Mashine 20 za wati 100 kwa saa sita zinataka uniti 12 kwa siku. Za wati 40 zinataka uniti 4.8. Tofauti ni uniti 7.2 ambazo lazima paneli zizizalishe na betri zizihifadhi. Kama kila uniti ya uwezo wa kila siku inagharimu Sh1.2 milioni kufunga, tofauti hiyo ni Sh8.64 milioni, zaidi ya ile Sh6.96 milioni iliyokuwa imeokolewa kwenye vipuri. Kwa sola, kompyuta "ya bure" inaweza kuwa ndiyo ghali.

Miaka ndiyo inayoamua

Hapa ndipo penye kiini. Gharama ya kuanzia pamoja na ya kuendesha, gawanya kwa miaka utakayoitumia na kwa idadi ya mashine. Unapata gharama ya mashine moja kwa mwaka mmoja.

Kwa shule ya mfano wetu:

- Vipuri, zikidumu miaka mitatu: Sh6,224,304 jumla, sawa na Sh103,738 kwa mashine kwa mwaka.
- Kununua nyingine, zikidumu miaka mitatu tu: Sh11,244,521 jumla, sawa na Sh187,409.
- Kununua nyingine, zikidumu miaka sita: Sh12,689,042 jumla, sawa na Sh105,742.
- Vipuri, zikidumu miaka miwili tu: Sh5,095,536 jumla, sawa na Sh127,388.

Soma namba hizo taratibu. Vipuri vikikupa miaka mitatu na mashine nyingine zikikupa sita, gharama kwa mwaka inakaribia kulingana. Tofauti ni Sh2,000 tu. Vipuri vikikupa miaka miwili, kununua nyingine ndiyo nafuu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi siyo "SSD bei gani?" peke yake. Muulize: "Hizi maza bodi zitafika miaka mitatu?" Mashine iliyokaa kwenye vumbi na joto la Tabora bila kusafishwa, kapasita zikiwa zimeanza kuvimba, haistahili kuwekewa SSD ya Sh70,000. Uzuri ni kwamba SSD haifi na mashine. Maza bodi ikifa, unaihamisha. Ufundi ndio unaopotea.

Upande mwingine, hata kompyuta "iliyotumika" ya kizazi cha nane siyo changa. Kizazi hicho kilianza kutoka mwaka 2017. Anayeipa miaka sita mbele awe ameikagua kwanza.

Siyo lazima kuchagua upande mmoja

Mara nyingi jibu zuri lipo katikati. Tuseme ukaguzi umeonyesha maza bodi tano zimechoka. Badala ya kulazimisha:

- Fufua 15 kwa Sh141,900 kila moja: Sh2,128,500
- Nunua tano kwa Sh550,000 kila moja, gharama zote ndani: Sh2,750,000

Jumla Sh4,878,500, karibu nusu ya kununua zote 20. Zile tano zilizotolewa zinageuka stoo ya vipuri. Pawa saplai na RAM zake zinaweza kuokoa hela uliyotenga kununua mpya.

Tano mpya zipewe kazi zinazohitaji usalama zaidi: ofisi ya mkuu, mhasibu, usajili wa watahiniwa mtandaoni. Hizo nyingine zibaki darasani.

Vipi kuhusu seva moja na vituo vingi?

Njia ya tatu ni kununua seva moja yenye nguvu na kuunganisha vituo vidogo 20 vinavyoitegemea. Vituo hivyo vinakula umeme kidogo na programu inawekwa mara moja tu. Ila seva ikizima, darasa zima limezima. Makadirio yake lazima yawe na UPS ya uhakika, swichi, nyaya, diski ya nakala rudufu na mtu anayejua kuisimamia. Bila fundi wa karibu, njia hii inaokoa hela kwenye karatasi na kuipoteza darasani.

Kompyuta ndogo za aina ya Raspberry Pi nazo zina mtego wa bei. Ya kwanza ilitoka mwaka 2012 ikitajwa kwa dola 35, na wengi bado wanaikumbuka namba hiyo. Lakini hiyo ilikuwa bodi tupu. Bado hujaweka chaja yake, memori kadi, kava, waya wa HDMI, kibodi na mausi, wala usafiri hadi Tabora. Na matoleo mapya yana bei ya juu zaidi. Kadiria seti nzima, siyo bodi.

Programu nayo ni gharama

Mashine zilizofufuliwa zitaendeshwa na nini? Zipo njia tatu za halali.

Moja ni Linux kama Ubuntu au Linux Mint pamoja na LibreOffice, ambazo ni bure. Gharama yake ni muda wa walimu kuzizoea, na lazima ihakikishwe kwanza kwamba wanafunzi wataweza kufanya yanayotakiwa kwenye muhtasari wa somo.

Mbili, kwa taasisi za elimu zenye mkataba wa leseni za elimu, Microsoft ilitangaza masasisho ya ziada ya Windows 10 kwa dola 1 kwa kifaa mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili na dola 4 wa tatu. Kwa miaka yote mitatu ni dola 7 kwa mashine, dola 140 kwa mashine 20. Kiasi hicho kiongezwe kwenye hesabu ya vipuri.

Tatu ni kuzitumia bila intaneti kwa mazoezi tu, huku mafaili yakihamishwa kwa uangalifu. Flashi zinazotoka nje zibaki kuwa hatari hata hapo.

Kuweka Windows 11 kwa ujanja kwenye mashine isiyokidhi masharti kunawezekana, ila Microsoft haiahidi masasisho. Taasisi isijenge bajeti juu ya ujanja huo.

Kabla ya kulipa

- Jaribu moja kwanza. Nunua SSD moja na RAM moja, funga, tumia wiki mbili. Ikikwama, umepoteza Sh100,000, siyo Sh2.8 milioni.
- Chukua profoma tatu, angalau moja ya duka la Tabora. Bei yake ikizidi ya Dar kidogo, linganisha na nauli na urahisi wa warranti. Shule za umma zifuate utaratibu wa manunuzi kupitia mfumo wa NeST.
- Pima ujazo wa SSD mzigo ukifika. Zipo feki zinazoandikwa GB 256 na ndani hazina. Usisaini kupokea kabla ya kupima.
- Futa diski za zamani kabla ya kuuza. Zina majina, matokeo na namba za simu za wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamgusa pia anayeuza kompyuta chakavu.
- Andika miaka uliyodhania. Kwenye bajeti, pembeni ya kila jumla, weka "kwa matarajio ya miaka mitatu" au sita. Atakayekuja kukagua ataona uamuzi ulijengwa juu ya nini.
- Tenga hela ya mwaka wa kwanza wa matengenezo tangu mwanzo. Maabara nyingi hazifi kwa kukosa kompyuta. Zinakufa kwa kukosa pawa saplai ya Sh45,000 ambayo hakuna fungu la kuinunulia.